Fimbo Iliyobaki Juu

Bendimasta hakupenda kelele. Cheka ukitaka, maana mtu huyo aliishi maisha yake yote kati ya matarumbeta na ngoma kubwa, lakini ndivyo alivyokuwa. Kwetu kwenye kota za polisi, upande wa Nakawa, Kampala, ukidondosha kifuniko cha sufuria uani, mlango wake ulifunguka, akatokea na fulana nyeupe iliyopigwa pasi, akauliza kwa upole, "Nani huyo naua sufuria?" Hakugombeza. Aliuliza, kisha akasubiri, na kosa likabaki hewani mpaka mwenyewe ajitokeze. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mtu yeyote, baba yangu akiwamo, alikuwa akitoka jikoni na kifuniko mkononi akisema, "Samahani, Bendimasta, kimeniponyoka."

Aliongoza bendi ya polisi kwa miaka mingi, kabla ya wanajeshi kushika nchi na kumstaafisha bila kumuuliza. Jina alikuwa nalo, jina la kwao kaskazini, lakini hata padri wa parokia alimwita Bendimasta, na mimi sitaanza leo kumwita vingine. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile cha "mimi nasema, wewe nasikia", na hakukionea haya hata kidogo. Walimu wangu wa sekondari walikicheka. Mimi nilikipenda, na mpaka leo nikikasirika hicho ndicho kinachonitoka.

Ungetaka kumwelewa, ungemtazama akinywa chai. Hakugusa kikombe mpaka kila aliyekaa pale awe amemiminiwa, hata kama ni mtoto, hata kama ni yule jirani mlevi aliyekuja kuomba chumvi. Kisha aliinua kidole kimoja, akakishusha, na sote tukanywa. "Kuanza si kazi," alikuwa akisema. "Hata mwizi najua kuanza. Kazi ni kumaliza pamoja." Wageni waliona ni wazimu. Sisi tulikwisha kuzoea, na hadi leo siwezi kunywa chai mtu mwingine akiwa na kikombe kitupu. Wanangu wananicheka.

Alipiga pasi hata kamba za viatu. Sifa hakuwa nazo za kugawa. Ukipiga ngoma vizuri alisema "Hm." Ukipiga vibaya alisema "Hm" vilevile, ila alitazama dirishani. Na mtu huyohuyo asiyestahimili kifuniko cha sufuria, mvua ikianza kupiga bati alifungua madirisha yote, akakaa katikati ya sebule macho kayafumba, anatabasamu peke yake. Nilimuuliza siku moja, "Bendimasta, na hiyo si kelele?" Akashangaa kwamba sijui. "Kelele ni sauti haina sababu," akasema. "Hii nakuja na sababu."

Kufungua madirisha, miaka ile, hakukuwa jambo dogo. Watu walifunga madirisha ili wazungumze, walifunga ili wasikilize redio za nje, na zaidi ya yote walifunga ili walie. Kulia kulikuwa na hatari yake, na nitaeleza kwa nini.

Bendimasta alikuwa na ndugu yake mdogo, mpiga tarumbeta wa bendi ileile ya polisi. Huyo alikuwa kelele tupu. Anapiga mluzi bafuni, anaimba huku anakula, anamwita mke wake kutoka barabarani kana kwamba nyumba inaungua, na Bendimasta hakuwahi kumwambia neno. Alimtazama tu, uso umelainika. Siku moja mchana walikuja watu wenye miwani ya jua, na gari lisilo na namba, wakamwita kwa jina. Akaenda nao akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Kikombe tulikiokota baadaye kwenye majani kando ya barabara. Mke wake alipokwenda kuuliza, aliambiwa, "Mumeo amesafiri."

Ndivyo walivyoambiwa wote. Na aliyesafiri hajafa, na asiyekufa haliliwi. Ukiweka matanga, maana yake unasema serikali imeua, basi nawe utasafiri. Kwa hiyo yule mke alipika, akafua, akampeleka binti yake mdogo shuleni, na usiku alifunga dirisha akauma mto. Sisi majirani tulijua, tukanyamaza. Mungu atusamehe, tungefanya nini?

Sasa elewa jambo moja kuhusu Bendimasta: alikuwa amezika askari wengi kuliko padri. Maziko ya polisi yalikuwa na utaratibu wake. Kwanza mwendo wa pole kwenye ngoma, hatua moja, pumziko, hatua moja, nyuma ya jeneza. Kaburini ngoma zinanyamaza, Bendimasta anainua fimbo yake juu, na kila mwenye sare anasimama wima. Kimya. Halafu inalia tarumbeta ya kuaga, peke yake. Ikimaliza, fimbo inashuka, na jeneza linashuka nayo. Fimbo isiposhuka, marehemu hajazikwa. Tarumbeta ile ilikuwa kazi ya ndugu yake, na sasa ndugu yake ndiye aliyekuwa hana jeneza, hana kaburi, hana hata wa kumpigia. Hilo ndilo lililomla Bendimasta. Hakulisema, ila aliacha kuinua kidole kwenye chai. Tukawa tunakunywa kila mtu kivyake, na chai haikuwa na ladha.

Mimi wakati huo nilikuwa na bendi. Eti bendi! Tulikuwa watatu. Kasongo, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, aliyenyoosha mabati ya magari katika gereji moja ya Nateete, alipiga gitaa. Ssali, mtoto wa Nateete hasa, alipiga besi. Mimi, msichana mzima, nilipiga ngoma, mikono na miguu, na mama alikwisha kukata tamaa. "La kuvunda halina ubani," aliwaambia majirani, akinionyesha kwa kidevu.

Maduka ya Wahindi yalikuwa yamefungwa, wenyewe wamefukuzwa, na nyuzi za gitaa hazikupatikana tena mjini. Kasongo akafunga waya za breki za baiskeli. Sasa waya ya breki ni nene. Ukiikaza mpaka sauti ya kawaida, shingo ya gitaa inavunjika. Kwa hiyo alizilegeza, sauti ikashuka chini, chini kabisa, kule ambako gitaa si kazi yake kufika. Spika tuliitoa kwenye sinema iliyokufa, na karatasi yake ya ndani ilikuwa imechanika. Gitaa likipita humo lilitoka likinguruma na kukwaruza, unalisikia kifuani kabla ya masikioni. Watu wa Nateete walizoea rumba. Walikuja kuchungulia mlangoni wakatuuliza kama gereji imenunua mashine ya kusaga kokoto. Hakuna aliyepiga namna ile, si Kampala, si popote tulipopajua, na sisi wenyewe tuliionea haya.

Ndiyo maana nilimwita Bendimasta. Nilimwomba aje atuonyeshe namna ya kuiziba ile karatasi ya spika. Akaja na gundi yake kwenye mfuko wa koti, viatu vinang'aa kati ya mafuta machafu ya gereji. Kasongo akapiga mara moja ili mzee asikie ubaya wenyewe. Mabati yaliyoegemezwa ukutani yakatetemeka yote. Bendimasta akasimama palepale. Nikafikiri, lo, leo tumemuua mzee wa watu.

"Piga tena," akasema.

Kasongo akapiga tena.

"Samahani, Bendimasta, tutaitengeneza," nikasema.

"Hapana tengeneza." Akairudisha gundi mfukoni. "Hapana gusa kabisa. Hiyo iko nalia."

Akakaa juu ya tairi na kufumba macho, vile alivyofanya mvua ikinyesha. "Polepole," akasema. Tukapunguza. "Polepole zaidi." Tukapunguza mpaka Ssali akanong'ona kwamba sasa tumelala. Lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa umetambua kabla ya kichwa changu. Hatua moja, pumziko, hatua moja. Ulikuwa mwendo wa pole, ule niliousikia tangu utotoni ukipita mbele ya kota nyuma ya majeneza, sasa umevikwa ngurumo.

Serikali ilikuwa imetangaza tamasha la muziki, ili dunia ione kwamba tuna furaha. Kila bendi iliruhusiwa kujiandikisha. Bendimasta alifungua macho akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nataka kuzika ndugu yangu," akasema. "Mbele yao. Nani naogopa, aende nyumbani, mimi hapana kasirika."

"Mzee, ssebo," Ssali akasema kwa heshima ya Kiganda, "watatupiga lisasi."

"Watasikia kelele tu. Nani nasikia maziko ndani ya kelele?"

Kasongo alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Miye babangu nilimuacha porini kule kwetu," akasema. "Bila kaburi. Tupige."

Ssali akasema "Banange," yaani jamani wee, akashika kichwa, kisha akainama akachomeka waya wa besi yake. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Tulifanya mazoezi mchana, gereji ikiwa kazini, ili nyundo za mafundi zitufiche. Neno moja tu lilinisumbua. Nilimuuliza, "Na tarumbeta, Bendimasta? Nani atapiga?" Akanyoosha mikono ya shati lake. "Itakuja," akasema.

Siku ya tamasha naikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa, vitu vingine vimefifia na vingine viko karibu mno. Wanawake tulikuwa tumekatazwa suruali na sketi fupi, basi nilipiga ngoma nimevaa gomesi ya mama, ile nguo ndefu yenye mabega yaliyosimama, mkanda mpana kiunoni, pindo nimelibana chini ya mapaja lisinase kwenye pedali. Mchana ulikuwa mzito. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani bila haraka, na mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Juu ya nguzo za taa walikaa kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, wametulia kana kwamba nao walialikwa. Meja mmoja wa jeshi alikaa mbele chini ya turubai na soda yake. Wanajeshi walisimama kando ya ua. Na kule pembeni, kwenye nyasi, walikaa wanawake wa kota zetu, wale ambao waume zao walisafiri. Daima walikaa pamoja, bila kupangana.

Kwaya ikaimba kuisifu serikali, rumba ikapigwa, watu wakacheza. Kisha tukaitwa sisi. Bendimasta alipopanda jukwaani na suti yake ya kanisani na fimbo yake ya bendi, watu walicheka. Hata Meja alicheka. Mzee wa polisi na vijana wa gitaa la breki, Wallahi ilikuwa kichekesho.

Kasongo alipopiga mara ya kwanza, kaloli wote waliruka. Watoto wakaziba masikio. Meja akatia kidole sikioni akawatazama wenzake akicheka zaidi. Lakini sisi hatukukimbia kama bendi nyingine. Tulitembea. Hatua moja, pumziko, hatua moja. Ngurumo ilipanda kutoka kwenye mbao za jukwaa ikanipitia mifupani, na mikono yangu haikuwa yangu tena, na kwa muda sikujua kama nimekaa au ninaelea na ile gomesi juu ya uwanja. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na furaha ya ajabu, vyote pamoja.

Niliwaona wanawake wa kota wakiinua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Mke wa ndugu yake Bendimasta alivuta leso akajifunika kichwa, akaanza kuyumba taratibu, na aliyekaa karibu naye akamshika mkono. Walikuwa wamesikia. Chini ya ile kelele yote walikuwa wameisikia ngoma.

Tukafika mwisho. Gitaa likanguruma mpaka likafa lenyewe. Bendimasta akainua fimbo juu.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Sajenti mmoja wa jeshi kando ya ua, alipoiona ile fimbo, akagonga visigino akasimama wima. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo, na mwingine, mpaka mstari wao wote ukanyooka. Watu wa kambini ndivyo walivyo. Fimbo ya bendimasta ikipanda, mwili unasimama kabla kichwa hakijauliza kwa nini. Walidhani unakuja wimbo wa taifa. Meja akatazama huku na huku, akaona amebaki ameketi peke yake, akaweka soda chini haraka, akasimama, akapeleka mkono kwenye kofia. Na uwanja mzima ukasimama, kwa sababu Meja amesimama.

Wimbo wa taifa haukuja. Hakuna kilichokuja. Wale waliomsafirisha ndugu yake, wao au wenzao, walisimama pale wakimpigia saluti, na hawakujua. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kukojoa, nasema kweli yangu. Kisha nikautazama mgongo wa Bendimasta na nikaacha kuwafikiria wanajeshi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kidogo, anasikiliza. Alikuwa anangoja tarumbeta.

Mvua ndiyo iliyotuokoa. Ilishuka kwa mkupuo, zile mvua za Kampala zisizobisha hodi, na watu wakatimua mbio. Meja akakimbilia gari lake. Wanawake wa kota hawakukimbia, waliinuka wakaondoka kwa ule mwendo wetu wa pole, wamelowa. Bendimasta alibaki jukwaani na fimbo juu, maji yanamtiririka ndani ya mkono wa koti. Kasongo akamshika kiwiko. "Mzee, twende." Akaenda, lakini fimbo hakuishusha. Tulimpandisha kwenye pikapu ya gereji hivyohivyo, fimbo imesimama, na mpaka Nateete alisema neno moja tu.

"Haijaja."

Baada ya hapo askari alitumwa gereji kutuita. Tukajua tumekwisha. Kumbe Meja ameupenda ule muziki wa kisasa, anataka tupige kwenye arusi ya binti yake! Hatukungoja kuona kama siku ya arusi kungekuwa na mwenye masikio ya kuutambua mwendo wa maziko. Kasongo akarudi kwao, Ssali akavuka kwenda Kenya, Bendimasta akapotelea kaskazini, na gitaa la waya za breki sijui liko wapi. Tuliyavulia maji nguo, tukayaoga, tukatawanyika.

Miaka ilipita, na wanajeshi wale wakaondolewa. Siku moja nikasikia kwamba Bendimasta yuko Kisugu, humuhumu Kampala, anaishi kwa binti wa ndugu yake, yule aliyekuwa akipelekwa shule na mama anayeuma mto. Sasa alikuwa mwanamke mzima, nesi, mama yake amekwisha kufariki. Nikaenda.

Masikio yalikuwa yamemwisha. Alinitambua kwa macho, akanishika mikono akaigeuza kutazama viganja, kama bado vina sugu za ngoma. "Hm," akasema, na safari hii hakutazama dirishani. Binti akamimina chai. Bendimasta akangoja vikombe vyote vijae, kisha akanywa. Kidole hakukiinua. Na fimbo ilikuwa ukutani, imefungwa kwenye misumari, imesimama wima, ncha juu.

"Hataki niilaze," binti akaniambia. "Nikifagia nikaishusha, anakasirika siku nzima. Sijui kwa nini."

Mimi nilijua. Niliweka kikombe, nikaweka kiganja juu ya meza, nikapiga. Hatua moja, pumziko, hatua moja. Bendimasta hakusikia, lakini mkono wake ulikuwa juu ya mbao zilezile. Akatazama mezani. Akanitazama mimi. Kisha akasimama, polepole, akaifungua fimbo ukutani na kuishika vile alivyoishika zamani, na nilipoacha kupiga, akaiinua.

Kimya. Nje watu walikuwa wanapita na mazungumzo yao, lakini mle ndani palikuwa kimya.

Yule binti alikuwa amesimama na birika mkononi, na ghafla akaanza kuimba bila maneno, mdomo umefungwa nusu, sauti inapanda na kungoja na kupanda tena. Ilikuwa tarumbeta ya kuaga, yote, bila kosa. Baadaye aliniambia kwamba baba yake mkubwa, Bendimasta mwenyewe, alimfundisha alipokuwa mdogo ili alale, akamwambia huo ni wimbo wa baba yako, na hakumwambia zaidi.

Bendimasta hakuondoa macho kwenye midomo yake. Alimfuata mpaka mwisho. Midomo ilipotulia, aliishusha fimbo, akailaza juu ya meza kati ya vikombe.

"Sasa ndugu yangu amekufa," akasema.

Akakaa, akalia. Alilia kwa sauti, yeye asiyevumilia kifuniko cha sufuria, alilia mpaka vikombe vikatikisika. Binti akarukia dirisha kulifunga, kama mama yake alivyomzoesha, na Bendimasta akamwona.

"Wacha," akasema. "Wacha wazi."

Akaliacha. Jirani akaja mbio, mama mmoja mnene mwenye unga mikononi, akasimama mlangoni akiuliza kuna nini. Yule binti akamtazama. Nilimwona akilitafuta neno ambalo maisha yake yote nyumba yao haikuwahi kulisema.

"Tuna msiba," akajibu. "Baba yangu amefariki."

"Poleni jamani," jirani akasema. Akafuta unga kwenye nguo, akavua viatu mlangoni, akaingia akakaa chini pamoja nasi.